Dagaa au mawese? Jipime tabia kabla ya kuhesabu mtaji

Mtoto wa kaka yangu alinijia Ujiji jioni moja, siku chache baada ya kikundi chao kuvunja mzunguko na kugawana akiba. Akaniamkia, akakaa, akasubiri chai iishe kikombeni kabla ya kutoa kilichomleta.

"Shangazi, nina laki sita. Niingie dagaa au niingie mawese?"

Hilo swali nimeulizwa mara nyingi. Kwa miaka kumi na minne nimekuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, na mikopo mingi niliyoiandika kwenye daftari ilikwenda kwenye moja ya bidhaa hizo mbili. Watu hutaka niwaambie ipi inalipa. Zote zinalipa, na zote zimefilisi watu ninaowajua kwa sura. Nikirudi kwenye madaftari ya zamani, walioanguka wengi ni watu wenye tabia ya mawese walioingia dagaa, au wenye tabia ya dagaa waliojifungia kwenye mawese. Fedha zao zilikuwa sawa na za wenzao, na soko lilikuwa lile lile.

Semina za ujasiriamali nilizohudhuria zilitoa orodha isiyobadilika: mjasiriamali awe jasiri, awe mbunifu, awe mvumilivu, awe na maono. Sina ugomvi na maneno hayo, lakini hayamsaidii mtu mwenye laki sita mkononi. Ujasiri wa dakika ngapi? Uvumilivu wa siku mbili au wa miaka mitatu? Ndiyo maana nimeona niziweke biashara hizi mbili za Kigoma bega kwa bega, nieleze kila moja inamtaka mtu wa namna gani.

Dagaa: biashara ya dakika chache alfajiri

Nenda mwalo wa Kibirizi au Katonga kabla jua halijatoka. Akina mama wamesimama na mabeseni, macho yote ziwani. Boti zikigusa mchanga, bei ya siku hiyo bado haijazaliwa. Zikiingia nyingi zenye mzigo, bei inashuka mbele ya macho yako. Zikirudi chache, beseni la jana si beseni la leo. Una muda wa kunywa nusu kikombe cha maji kuamua ununue au usubiri boti inayofuata. Hakuna wa kumwomba ushauri, maana aliyesimama kando yako analitaka beseni hilo hilo.

Ukishanunua, unahamia mikononi mwa jua. Dagaa wabichi kilo tatu hadi nne hutoa kilo moja hivi ya wakavu, kwa hiyo kila unachokosea wakati wa kuanika unakilipia mara tatu. Wanaoanika mchangani hupata mzigo wenye chembe za mchanga, na mteja wa mbali anaijua tofauti hiyo anapotafuna. Wanaoanika kwenye vichanja vilivyoinuliwa huuza kwa bei nzuri zaidi, na mzigo wao hukauka kwa usawa kwa sababu upepo unapita juu na chini. Kichanja ni gharama, lakini katika biashara hii sijaona gharama inayorudi haraka kama hiyo.

Halafu kuna mwezi. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa: mwanga unawakusanya, wavu unainuliwa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa ya mvuvi haifui dafu, na mitumbwi inapandishwa mchangani ili watu washone nyavu. Kwa hiyo kila mwezi mfanyabiashara wa dagaa ana siku kadhaa asizoona mzigo mpya, na watoto wanakula siku zote. Asiyejiwekea cha kuvukia mbalamwezi hukopa, kisha giza likirudi ananunua akiwa na deni mgongoni. Nimewaona wengi wakizunguka hivyo mwaka mzima, wakifanya kazi kwa bidii bila kupanda ngazi hata moja.

Mwaka 2024 kikaja kitu kikubwa kuliko mbalamwezi. Kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, uvuvi ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Miezi mitatu! Mama mmoja wa Katonga ninayemfahamu alikuwa amesikia mapema kwamba jambo hilo linakuja, akaweka magunia yake ndani badala ya kuyauza kwa faida ndogo. Wengine walisikia habari ile ile kwenye redio ile ile, wakaendelea kuuza. Masikio walikuwa nayo wote. Yeye aliyageuza aliyoyasikia kuwa uamuzi.

Karibu miaka mia tatu iliyopita aliishi mfanyabiashara mwenye asili ya Ireland, Richard Cantillon, aliyefanya shughuli zake Ufaransa. Katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1755, baada ya kifo chake, alimweleza mjasiriamali kuwa ni mtu anayenunua kwa bei anayoijua ili auze kwa bei asiyoijua. Sijakutana na maelezo yanayomkaa vizuri zaidi mama wa Kibirizi. Bei ya beseni anaijua. Atauza wapi na kwa kiasi gani, Kasulu, Tabora, Dar es Salaam au ng'ambo Kalemie, bado hajui wakati anahesabu noti.

Kwa hiyo dagaa wanamtaka mtu wa kuamua haraka, na zaidi ya hapo mtu wa kusahau haraka. Siku ukikosea, kesho alfajiri unatakiwa urudi mwaloni ukiwa na akili safi. Mimi hilo lilinishinda. Mwaka wangu wa pili nilinunua mabeseni kumi na mawili mwezi wa Novemba, mvua ikanyesha siku tatu mfululizo, na mzigo wote nikauuza kwa wafugaji wa kuku. Hasara yenyewe ingelipika. Lakini wiki tatu zilizofuata nilikuwa nikifika mwaloni nikitazama mawingu kuliko boti, nikinunua kidogo mno siku za jua. Nikaelewa kwamba mimi si mtu wa dagaa.

Mawese: biashara yenye milango mitatu

Ukitoka mjini kuelekea Simbo unaanza kuona michikichi. Watu husema "mawese" kana kwamba ni biashara moja, kumbe ina milango mitatu, na kila mlango una mtu wake.

Wa kwanza ni shamba. Michikichi mingi ya zamani Kigoma ni ya aina ya dura, yenye kokwa nene na nyama kidogo. Mbegu inayohimizwa sasa ni tenera, iliyopatikana kwa kuchanganya dura na aina nyingine ya mchikichi iitwayo pisifera. Kokwa yake ni nyembamba, nyama ni nyingi, na mafuta ni mengi zaidi kwa mkungu. Kituo cha utafiti cha TARI Kihinga, hapa hapa mkoani, ndicho kinachoshughulika na mbegu hiyo, na msukumo mkubwa ulianza mwaka 2018 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipolivalia njuga zao hili. Miche hupandwa kwa nafasi ya mita 9, ambayo kwa ekari ni miche hamsini na ushee. Tenera huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi tangu kupandwa shambani, na kabla ya hapo mche umekaa kitaluni miezi mingi.

Miaka mitatu ya kupalilia kitu kisichokupa hata shilingi! Wenye busara hupanda mahindi au maharage katikati wakati miche bado mifupi. Wasio na subira hufanya kosa ambalo nimelishuhudia mara mbili: wanaokota miche iliyojiotea chini ya tenera ya jirani ili wasinunue mbegu. Tenera ni chotara. Watoto wake hawafanani naye wote. Baadhi hurudi kuwa dura, na wengine huwa pisifera, ambayo kwa kawaida haimpi mkulima mavuno ya maana. Mtu anakuja kuligundua hilo baada ya miaka mitatu ya palizi. Katika dagaa kosa la ubahili hukuadhibu kesho yake. Katika shamba la michikichi hukusubiri.

Mlango wa pili ni kinu. Hapa unanunua ngazi, yaani matunda ya mchikichi, kutoka kwa wakulima, unachemsha, unaponda, unakamua, kisha unachemsha tena kuondoa maji. Ngazi zilizovunwa zikikaa siku nyingi, mafuta yake huwa makali na bei hushuka, kwa hiyo kinu kinataka mtu wa ratiba: nani anavuna lini, kuni zipo, maji yapo, kijana wa kuzungusha mashine amefika. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, hapa Kigoma wamekuwa wakitengeneza mashine ndogo za kukamulia, na vikundi vingi vya wanawake vimeanzia hapo. Ukiniuliza ni mlango upi unaofanana zaidi na kazi ya ofisini, nitakujibu ni huu. Anayefanikiwa ni mtu wa mpangilio, anayekumbuka nani anamdai na nani anadaiwa, asiyechoka kurudia jambo moja kila siku kwa usahihi ule ule.

Kwenye kinu ndiko nilikoona ubunifu wa kweli. Kokwa zinazobaki baada ya kukamua, hizi tunazoziita mise, wengine huziuza kwa gunia na kuzisahau. Kikundi kimoja cha akina mama kiliamua kuzibangua, kukamua mafuta yake na kupika sabuni. Makapi yakawa kuni za kuchemshia ngazi za kesho. Joseph Schumpeter, mchumi aliyezaliwa katika milki ya Austria, aliandika mwanzoni mwa karne iliyopita kwamba kazi ya mjasiriamali ni kuunganisha vitu vilivyokuwepo kwa namna mpya: bidhaa mpya, njia mpya ya kuzalisha, soko jipya, chanzo kipya cha malighafi, au mpangilio mpya wa kazi. Mise zilikuwepo tangu mababu. Sabuni ilikuwepo. Akina mama wale waliviunganisha, wakafunga sabuni zao vizuri na kuzipeleka mabwenini kwa wanafunzi. Wasingeweza kufanya hivyo na dagaa, kwa sababu dagaa hawampi mtu nafasi ya kukaa chini na kufikiri. Kinu kinampa.

Mlango wa tatu ni stoo: unanunua madumu wakati wa wingi, unayafungia, unauza wakati wa uhaba. Unaonekana mwepesi, na ndio unaowavuta wafanyakazi wa mshahara. Unataka mambo mawili tu. La kwanza, uhakika kwamba mafuta yalichemshwa vizuri mpaka maji yakaisha, maana dumu lenye maji chini huharibika. La pili, fedha ambayo hutaihitaji. Mwenye mkopo wa kurejesha kila wiki asiguse mlango huu kabisa. Atalazimika kuuza kwa bei ya hasara katika wiki ile ile ambayo mwenzake asiye na deni anasubiri.

Ukiziweka pamoja

Mtaji wa kuanzia haupishani sana kama unaanza na kununua na kuuza. Tofauti kubwa iko kwenye muda wa kujua kama umekosea. Kwenye dagaa utajua ndani ya wiki moja au mbili. Kwenye kinu, mwezi. Kwenye stoo, miezi kadhaa. Kwenye shamba, miaka. Kwa mtu anayeanza, nathamini sana biashara inayokufundisha haraka, kwa sababu makosa madogo kumi ni karo nafuu kuliko kosa moja la miaka mitatu. Hapo dagaa wanashinda.

Kwenye usingizi mawese yanashinda. Mwenye mtoto mchanga, mwenye mgonjwa nyumbani, mwalimu mwenye vipindi vya asubuhi, hao alfajiri yao si yao. Nimesikia watu wakiambiwa hawana moyo wa biashara kwa sababu tu hawawezi kufika mwaloni saa kumi na moja. Si kweli, na inaniuma kuisikia. Wana moyo, wanachokosa ni alfajiri.

Uaminifu unahitajika kote, ila haufanyi kazi kwa namna moja. Mwaloni, neno lako kwa mwenye boti ndilo linalokupa beseni siku ambayo mzigo ni mdogo na wanunuzi ni wengi. Ukimlipa siku uliyoahidi, hata kama ulipata hasara, atakukumbuka. Kwenye mawese uaminifu unakaa ndani ya dumu. Mteja wa Mwanza hawezi kuona chini ya dumu la lita 20, na akikuta maji huko hatapiga simu kulalamika. Atanunua kwa mwingine tu. Nimewajua wafanyabiashara waliopoteza wateja wa miaka kwa sababu ya msimu mmoja wa kuchanganya.

Na hasara? Mtafiti mmoja mwenye asili ya India, Saras Sarasvathy, aliwahoji wajasiriamali 27 wazoefu wa Marekani kuhusu wanavyoamua mambo, akatoa matokeo yake mwaka 2001. Aligundua kwamba hawaanzi kwa kuuliza watapata faida kiasi gani. Huanza na walichonacho na watu wanaowajua, kisha hujiuliza wanaweza kupoteza kiasi gani bila kuanguka. Katika kikundi chetu tulianza kuuliza swali hilo kabla ya kutoa mkopo: "Ikipotea yote, utakula nini mwezi ujao?" Mwenye jibu tulimpa hata kama wazo lake lilikuwa la kawaida. Tuseme una laki sita na jibu lako ni laki mbili. Basi biashara yako ya kwanza ni ya laki mbili. Nne zinabaki kikundini, na asikushawishi mtu kwamba huo ni woga.

Je, tabia inabadilika?

Kuna anayesoma hapa akijiona hafai popote: si mwepesi wa dagaa, si mtaratibu wa mawese. Kuna jambo lililofanyika Lomé, mji mkuu wa Togo, ambalo lilinibadilisha mawazo. Watafiti walichukua wafanyabiashara wadogo 1,500 na kuwagawa makundi matatu. Kundi moja lilifundishwa masomo ya kawaida ya biashara: hesabu, masoko, fedha. La pili lilifundishwa tabia ya kujituma: kuanza jambo bila kusukumwa, kutazama mbele, kutokata tamaa kikwazo kinapotokea, kujitofautisha na jirani. La tatu halikufundishwa chochote. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kundi la kujituma likiongeza faida kwa asilimia 30 likilinganishwa na wasiofundishwa. La masomo ya kawaida liliongeza asilimia 11, kiwango ambacho kwa vipimo vya watafiti hakikutosha kuthibitisha kuwa ni kazi ya mafunzo.

Kwa hiyo kujituma kunafundishika, na kunafaa mwaloni na kinuni pia. Mwenye kujituma ndiye aliyejenga kichanja wakati wenzake wanaanika mchangani, na ndiye aliyeuliza mise zinakwenda wapi. Ila kasi ya kuamua na uwezo wa kukaa na fedha iliyolala, hivyo sijaona vikibadilika kirahisi kwa mtu mzima. Hapo namshauri mtu achague biashara inayofanana naye, asijaribu kujiumba upya kwa fedha ya mkopo.

Nilichomwambia binti

Sikumpa jibu usiku ule. Nilimwomba aziweke zile laki sita kwenye kikundi chetu kwa wiki mbili. Asubuhi tatu aende Kibirizi asimame na akina mama, asinunue kitu, ila kila boti ikiingia aandike kwenye karatasi bei ambayo yeye angetoa, kisha aandike bei iliyotoka kweli. Siku tatu nyingine akae kwenye kinu cha rafiki yangu Simbo toka asubuhi hadi jioni, asaidie kuchambua ngazi, na kila jioni ahesabu zimeingia kilo ngapi na yametoka madumu mangapi.

Wiki ya pili alirudi na karatasi zote. Za Simbo alikuwa amejaza nusu. Siku ya tatu aliondoka saa saba mchana akisema kichwa kinamuuma. Za Kibirizi zilikuwa zimejaa pande zote mbili, na pembeni, ambako sikumwomba aandike chochote, alikuwa ameandika idadi ya boti zilizotoka jioni na zilizorudi alfajiri, na alama ndogo ya mwezi ulivyokuwa kila usiku. Asubuhi ya tatu bei zake zilikuwa zinakaribiana sana na za mwaloni.

"Shangazi, mbalamwezi inaanza Alhamisi," akasema. "Nikipata laki mbili leo, nanunua mbao za vichanja wiki hii ambayo hakuna mzigo. Giza likirudi nawahi."

Nikafungua daftari.